Kufundisha Somo la Maradhi ya Zinaa: Kutoka Upele wa Nyumbani hadi Tiba ya Wenzi Wawili

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama mwanachuo wetu akifundisha juu ya maradhi ya zinaa. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Ubaoni aliandika majina matano ya maradhi, na mbele ya kila jina akaandika dalili zake. Wanafunzi walinakili kwa utulivu. Zilipobaki dakika chache kipindi kwisha, aliuliza kama kuna mwenye swali. Msichana mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, samahani. Mama akinywa dawa na baba akikataa, mama atapona?"

Darasa zima liliangua kicheko. Mwanachuo wetu akageukia ubao, akaanza kufuta, akajibu huku amempa mgongo, "Hilo si swali la darasani. Kaa chini." Msichana yule akaketi, akajifunika uso kwa daftari lake.

Baada ya kipindi tulikaa chini ya mwembe, nikamwuliza mwanachuo kwa nini hakujibu. Nilitazamia aniambie kwamba aliona haya. Yeye akanijibu kwa unyofu, "Mwalimu, sikuwa na jibu. Nilijua majina ya maradhi tu."

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya jibu hilo. Yanakusudia kumwonyesha mwanachuo mambo matatu: maarifa ambayo mwalimu hana budi kuwa nayo kabla hajaingia darasani, njia moja ya kulifundisha somo hili kwa kuanzia jambo ambalo wanafunzi wanalijua, na wajibu wa mwalimu iwapo mwanafunzi mwenyewe ana dalili.

Kisa cha mwalimu mgeni

Kabla sijaendelea yafaa nieleze jambo lililonipata mimi mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha somo hili kuliko kitabu chochote.

Nilikuwa na miaka 25 na nilikuwa nimeoa mwaka mmoja tu. Mke wangu alikwenda kwao kumwuguza mama yake, akakaa huko mwezi mzima. Wakati huohuo mdogo wangu alifunga shule, akaja kunitembelea akitoka bwenini. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na kitanda kimoja, basi tulilala pamoja kwa muda wa wiki mbili, kisha akaenda zake. Mke wangu aliporudi, haikupita wiki moja nikaanza kuwashwa usiku, na vipele vikanitoka sehemu za siri. Baada ya majuma machache yeye naye akaanza kujikuna.

Nilihesabu siku, nikajiridhisha kwamba ugonjwa ule ulitoka safarini pamoja naye. Jirani mmoja alinong'ona kwamba pengine nimenaswa na tego. Nilinunua mirija miwili ya dawa ya kupaka katika duka la dawa bila ya kupimwa, nikamwambia mke wangu maneno ambayo sipendi kuyarudia hapa. Yeye alilia, akafunga mizigo yake, akarudi kwao.

Dawa ile haikufaa kitu. Hatimaye nikajikaza, nikaenda zahanati. Muuguzi mmoja mtu mzima alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hebu nionyeshe viganja vyako." Akatazama katikati ya vidole, akaniuliza swali moja: "Nani mwingine anajikuna nyumbani kwako?"

Ulikuwa upele, huohuo wanaoupata watoto wa shule. Mdogo wangu alikuja nao kutoka bwenini. Mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki mbili hadi sita kabla hajaanza kuwashwa, kwa hiyo hesabu yangu ya siku ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Tulitibiwa sote, na mdogo wangu pia alitibiwa huko shuleni kwake. Muwasho uliisha baada ya wiki kadhaa. Kumrejesha mke wangu kulihitaji muda mrefu zaidi, na safari mbili za kwenda ukweni pamoja na baba yangu mdogo kuomba radhi.

Tangu siku ile nimetambua kwamba kuna maswali mawili ambayo mtu huweza kuyauliza anapoona vipele. La kwanza ni "Nani ameleta?" La pili ni "Nani mwingine anahitaji tiba?" Swali la kwanza huvunja nyumba na mara nyingi halina jibu. Swali la pili huponya watu. Kazi ya mwalimu wa somo hili ni kuwazoeza wanafunzi swali la pili.

Maarifa anayopaswa kuwa nayo mwalimu

Mwalimu hatakiwi kuwa tabibu. Hata hivyo, yafaa ajue zaidi ya yale atakayoyafundisha, ili swali la mwanafunzi lisimkute mikono mitupu.

(a) Vipele si jina la ugonjwa. Vipele, muwasho na vidonda vya sehemu za siri huweza kuletwa na mambo mengi, na si yote yatokanayo na kujamiiana. Sabuni kali, kunyoa kwa wembe na nguo za ndani zinazobana huweza kuwasha ngozi. Fangasi huweza kumpata mwanamke mjamzito, mwenye ugonjwa wa kisukari, au mtu aliyetoka kutumia dawa za kuua bakteria, pasipo kuambukizwa na yeyote. Wako pia watu ambao miili yao hukataa dawa zenye salfa: kila wanapozitumia hutokewa na doa au lengelenge mahali palepale, na mara nyingine mahali hapo ni sehemu za siri. Upele husababishwa na mdudu mdogo sana wa jamii ya utitiri, achimbaye ngozini na kutaga mayai humo. Huenea kwa kugusana ngozi kwa muda mrefu, kwa hiyo wenzi huambukizana, na vilevile watoto walalao kitanda kimoja.

(b) Yapo maradhi yaenezwayo kwa kujamiiana. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, ambacho hutokea kati ya siku 10 na 90 baada ya kuambukizwa. Kidonda hicho hupona chenyewe kwa muda wa wiki tatu hadi sita, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana mgonjwa hudhani amepona kumbe ugonjwa umeingia ndani. Baadaye huweza kutokea vipele mwilini, hata katika viganja na nyayo, navyo hutoweka. Ugonjwa huweza kukaa kimya miaka mingi, kisha ukaharibu moyo au ubongo, na mama mjamzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Pangusa huleta vidonda vinavyouma na huweza kuleta mtoki. Malengelenge ya sehemu za siri huletwa na virusi. Dawa hupunguza makali yake lakini haiviondoi mwilini. Vinyama vya sehemu za siri navyo huletwa na virusi. Aina nyingine za jamii hiyohiyo ya virusi huleta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chanjo yake ilianza kutolewa nchini Tanzania kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018. Kisonono, klamidia na trikomona kwa kawaida hazina vipele. Dalili zake ni kutokwa na usaha au uchafu, na maumivu wakati wa kukojoa.

(c) Mtu huweza kuwa na ugonjwa bila ya dalili yoyote. Wanawake walio wengi wenye klamidia hawaoni dalili, na wanaume walio wengi wenye trikomona hali kadhalika. Kwa sababu hiyo, asiyeona kitu mwilini mwake hawezi kusema kwa hakika kwamba yeye ni mzima. Hali kadhalika, aliyeonyesha dalili kwanza si lazima awe ndiye aliyeambukizwa kwanza. Virusi vya malengelenge huweza kulala mwilini miaka kabla ya kuonekana mara ya kwanza. Tukikumbuka mambo haya, tutaona jinsi ilivyo vigumu kumpata "mwenye kosa" kwa kuhesabu siku.

(d) Wenzi hutibiwa pamoja. Mmoja akitibiwa na mwingine akaachwa, aliyepona huweza kuambukizwa tena na yuleyule. Kwa hiyo mhudumu wa afya humwomba mgonjwa amlete mwenzi wake, na huwataka wasikutane kimwili mpaka wote wawili wamemaliza tiba. Pale dawa inapotolewa mara moja tu, kwa kisonono au klamidia, hutakiwa kungoja siku 7 zaidi. Kununua dawa dukani bila ya kupimwa huongeza madhara: dawa isiyofaa huficha dalili, na bakteria huzoea dawa. Kisonono kwa mfano kimekwisha kuwa sugu kwa penisilini na tetrasaiklini, dawa ambazo zamani zilikitibu vizuri.

(e) Maradhi haya huifungulia njia UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Miaka michache baadaye, katika mkoa jirani wa Mwanza, ulifanyika utafiti ambao kila mwalimu anafaa kuujua. Ulianza mwaka 1991 katika jamii 12 za vijijini. Katika 6 kati ya hizo, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu maradhi ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa kuwapo, na wananchi wakahimizwa kwenda kutibiwa mapema. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI katika jamii hizo 6 yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40 kuliko katika zile nyingine. Haifai tuyakuze matokeo hayo kupita kiasi, kwani utafiti wa Rakai nchini Uganda uliotangazwa mwaka 1999, ambamo dawa ziligawiwa kwa watu wote kwa vipindi, haukuona upungufu wa namna hiyo. Lakini funzo la Mwanza kwa mwalimu limebaki pale pale: zahanati ya kawaida yenye dawa, mhudumu asiyemdhihaki mgonjwa, na mgonjwa asiyechelewa, ni kinga kubwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Somo la mfano

Kanuni yetu ya siku zote ni kuanzia kwenye jambo linalojulikana na kuendelea hadi lisilojulikana. Mwanachuo tuliyemtaja alianzia kwenye majina ya maradhi, yaani kwenye lisilojulikana. Mimi napendekeza tuanzie kwenye upele, kwa kuwa hapana mwanafunzi asiyeujua, na hapana anayeona haya kuutaja.

Lengo: Mwanafunzi aweze kueleza kwa nini watu wanaoambukizana hutibiwa pamoja, na ataje mahali pa kwenda mtu aonapo dalili.

Zana: Chaki ya rangi, kitambaa kibichi, sanduku la karatasi lenye tundu, vipande vya karatasi.

Hatua ya kwanza: Utangulizi (dakika 5). Mwalimu achore ubaoni nyumba yenye watu wanne na vitanda viwili. Asimulie kwamba Juma ana upele na hulala na kaka yake. Juma amepakwa dawa, kaka yake hakupakwa. Aulize, "Baada ya mwezi mmoja Juma atakuwaje?" Wanafunzi watajibu wenyewe.

Hatua ya pili: Kielelezo (dakika 10). Mwalimu awaite wanafunzi wawili wa jinsia moja. Ampake wa kwanza vumbi la chaki kiganjani, kisha washikane mikono. Chaki itaonekana kwa wote wawili. Sasa wa kwanza afute mkono wake kwa kitambaa mpaka utakate, kisha washikane tena. Chaki itamrudia. Mwalimu aulize, "Tufanye nini ili mikono yote ibaki safi?" Wanafunzi watasema kwamba wote wawili wafute kwanza ndipo washikane. Hapo mwalimu aseme wazi kwamba chaki ni mfano tu, na kwamba maradhi ya zinaa hayaenezwi kwa kusalimiana, kula pamoja wala kuketi dawati moja. Akilisahau onyo hili, watoto watamwogopa jirani anayeumwa.

Hatua ya tatu: Maarifa mapya (dakika 10). Mwalimu aeleze kwamba yapo maradhi ya sehemu za siri yanayoenezwa kwa kujamiiana, ataje yale yaliyomo katika muhtasari wa somo, na dalili zake kuu: vidonda, vipele, usaha, maumivu. Asisitize mambo matatu: kwamba dalili huweza kuwa za maradhi mbalimbali, kwa hiyo mtu huenda kupimwa, kwamba yapo yanayopona kabisa yakitibiwa mapema, na kwamba wenzi hutibiwa pamoja.

Hatua ya nne: Sanduku la maswali (dakika 10). Kila mwanafunzi apewe kipande cha karatasi, naye aandike swali bila ya jina. Asiye na swali aandike "Sina swali." Wote watumbukize karatasi zao, ili asijulikane nani ameuliza. Mwalimu ayasome maswali kwanza peke yake, na majibu ayatoe katika kipindi kinachofuata. Kwa njia hii hujipatia pia nafasi ya kumwuliza mhudumu wa afya lile asilolijua.

Hatua ya tano: Tathmini (dakika 5). Mwalimu arudie swali la nyumba ya Juma, kisha aulize mtu mwenye dalili aende wapi na afuatane na nani.

Juu ya lugha, mwanachuo akumbuke kwamba mtoto huja darasani na maneno ya mtaani. Akisema "gono," asikaripiwe. Mwalimu aseme, "Ndiyo, hospitalini tunauita kisonono," kisha aendelee. Mtoto aliyekaripiwa kwa neno lake hatauliza tena. Vilevile mwalimu asitumie maradhi haya kama kitisho au kama adhabu ya wenye dhambi. Darasani mwaweza kuwamo mtoto aliyezaliwa na ugonjwa, au mtoto ambaye mama yake anaumwa bila ya kosa lolote. Maadili yana nafasi yake katika elimu, lakini hayafundishwi kwa kumdhihaki mgonjwa.

Mwanafunzi mwenye dalili

Huenda baada ya somo mwanafunzi akakufuata kwa siri, au ukamwona hawezi kuketi vizuri. Hapa wajibu wa mwalimu ni mzito.

Kwanza, usimhoji mbele ya wenzake, wala usimwombe akuonyeshe. Hiyo ni kazi ya mhudumu wa afya. Pili, usihukumu. Huenda ni upele au fangasi tu. Lakini huenda pia ni mtoto aliyefanyiwa ukatili, na kwa dalili hiyo ndivyo anavyoomba msaada. Tatu, msikilize bila ya kumtia maneno kinywani, mwambie hana kosa, wala usimwahidi kwamba utaificha habari hiyo, kwa kuwa utalazimika kumweleza anayeweza kumsaidia. Nne, mwarifu mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri nasaha mara moja, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Ikiwa kuna dalili ya ukatili, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa. Ofisi ya ustawi wa jamii na polisi wajulishwe, na simu ya bure namba 116 ipo kwa ajili ya watoto. Asicheleweshwe, kwani dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa kabla ya saa 72 kupita. Habari za mtoto huyo zisifike kwenye mazungumzo ya ofisi ya walimu.

Hitimisho

Sasa tumrudie msichana aliyejifunika uso kwa daftari. Mwanachuo wetu alirudi darasani siku ya tatu. Aliomba radhi kwa darasa kwamba swali zuri lilikosa jibu, wala hakumtaja aliyeliuliza. Alifanya kielelezo cha chaki, kisha akasema maneno machache: "Anayetumia dawa atapona. Lakini akikaa na mwenzi ambaye hakutibiwa, ugonjwa huweza kumrudia. Ndiyo sababu wahudumu huwaita wote wawili. Naye akikataa, mgonjwa arudi kwa mhudumu aseme hivyo, asinyamaze. Kulimaliza jambo hilo si mzigo wa mtoto." Safari hii hakucheka mtu.

Ndugu mwanachuo, utapangiwa shule ambayo pengine zahanati iko mbali, na watu watakuja kwako kwa kuwa wewe ni mwalimu. Wengine watakuja na vipele, wengine na tuhuma. Usijifanye tabibu, wala usijifanye hakimu. Waulize nani mwingine anahitaji tiba, uwaonyeshe njia ya kwenda zahanati.

Mazoezi

1. Eleza sababu tatu zinazofanya iwe vigumu kumtambua aliyeleta ugonjwa kwa kuhesabu siku tu.

2. Kielelezo cha chaki kina upungufu gani? Buni kielelezo kingine kwa kutumia vitu vipatikanavyo kijijini.

3. Katika sanduku umekuta karatasi iliyoandikwa, "Mimi nina vidonda, nimwambie nani?" Andika jibu utakalolitoa mbele ya darasa zima bila ya kumtafuta aliyeandika.

4. Kwa vikundi, igizeni mwalimu akijibu swali ambalo hana jibu lake. Jadilini njia ipi humlinda mwanafunzi, na ipi humnyamazisha.